Mradi wa kutafuta mchezaji mpya baada ya Ons Jabeur: shajara kutoka Kigoma

Julai 19, 2025. Naanza

Juzi Ons Jabeur, mcheza tenisi wa Tunisia, ametangaza kwamba anaiweka raketi pembeni kwa muda. Mwaka huu Wimbledon, yale mashindano makubwa ya Uingereza, aliishia raundi ya kwanza, kwenye mechi na Viktoriya Tomova wa Bulgaria: joto lilimzidi, pumzi ikamkatikia, akashindwa kumaliza. Ameeleza kwamba ni muda sasa hajisikii furaha akiwa uwanjani. Namwelewa, na namtakia apumzike kwelikweli. Lakini mimi huku Kigoma nimebaki sina mtu.

Kwa wasionijua: ni fundi cherehani, banda langu liko Mwanga. Simu huwa imeegemea kopo la nyuzi, inaonyesha tenisi, na wateja wameshazoea. Mtaani kwetu mchezo ni Simba na Yanga. Kibanda umiza hakibadilishi chaneli kwa ajili ya tenisi hata ukilipa kiingilio cha watu kumi, kwa hiyo hii ni shughuli ya simu na bando.

Jabeur nilimkamata mwaka 2020 alipofika robo fainali Melbourne, mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kufika hatua hiyo kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote: Australia, Roland Garros ya Ufaransa, Wimbledon na US Open ya Marekani. Mtunisia, Mwafrika mwenzangu. Baadaye akapanda hadi namba mbili duniani. Akacheza fainali ya Wimbledon 2022, akafungwa na Elena Rybakina. Akacheza ya US Open mwaka huohuo, akafungwa na Iga Swiatek. Akarudi Wimbledon 2023, akafungwa na Marketa Vondrousova, na akasema hicho ndicho kipigo kilichomuuma kuliko vyote. Siku ile nilifunga banda mapema.

Kilichonifunga kwake ni ule mpira wake wa kudondosha. Bega linageuka kama mtu anayekwenda kupiga kwa nguvu zote. Mpinzani anajihami, anarudi nyuma ya mstari. Halafu sekunde ya mwisho vidole vinalegea kwenye mpini, uso wa raketi unafunguka kuelekea juu, mpira unapita sentimita chache juu ya wavu, unadunda mara moja na kufa palepale. Mpinzani anabaki amesimama, hana hata sababu ya kukimbia. Nimeutazama mpira ule ukirudiwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza, na kila mara moyo unaruka.

Kwa hiyo ninachotaka nakijua. Nataka mtu mwenye mkono, anayejua kucheza na mpinzani, si wa kupiga nguvu tu. Nataka awe mwanzoni mwa safari, nipande naye. Na nataka niwe na wasiwasi naye tangu raundi ya kwanza, maana mashindano ya Grand Slam ni wiki mbili na mimi sitaki kusubiri wiki ya pili.

Julai 24. Vigogo

Nimeanza na walio juu kabisa, nijue kama naweza kuwaacha.

Carlos Alcaraz ana kila kitu nilichoandika hapo juu kuhusu mkono. Mpira wa kudondosha anao, na anautumia hata pointi ikiwa nzito. Fainali ya Roland Garros ya Juni 8 niliitazama yote, saa 5 na dakika 29, ndefu kuliko fainali yoyote iliyowahi kuchezwa pale. Jannik Sinner alikuwa na pointi tatu za ubingwa kwenye seti ya nne, Alcaraz akazifuta zote, akashinda kwa taibreki (pointi za kuamua seti ikiwa sare) ya seti ya tano, 10-2. Sinner naye hakulala: wiki tano baadaye akamfunga Wimbledon kwa seti tatu kwa moja. Hawa wawili wanastahili kila sifa wanayopewa. Mdogo wangu wa kiume, dereva wa bajaji, ananiambia, "Dada, chukua Alcaraz, maliza." Nimekaa nalo wazo hilo siku nzima. Tatizo ni kwamba Alcaraz raundi za kwanza anapita, Sinner anapita. Mechi zao zinaanza kuniumiza tumbo kwenye nusu fainali, na mimi nataka kuumia tumbo mapema.

Swiatek: mabingwa wa Roland Garros mara nne hawapatikani kila siku, na Wimbledon mwaka huu ameichukua kwa kumfunga Amanda Anisimova 6-0, 6-0 kwenye fainali. Dakika 57. Nilimheshimu mshindi, lakini machozi yangu yalikwenda kwa Anisimova. Jibu nimelipata hapo.

Julai 30. Majirani

Wiki hii nimekuwa na majirani, na nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Angella Okutoyi wa Kenya alizaliwa 2004, akalelewa na bibi yake Nairobi. Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi kwenye Grand Slam ya vijana, kule Australia. Julai mwaka huohuo akachukua ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana. Mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Amekuwa akisoma na kucheza Marekani, Chuo Kikuu cha Auburn. Ni mtu ambaye ukimwombea kwa Kiswahili anakuelewa, na hilo kwangu ni kubwa.

Sada Nahimana wa Burundi alizaliwa 2001. Bujumbura na sisi tunakunywa maji ya ziwa moja. Anazunguka kwenye mashindano ya ITF, yale yaliyo chini ya WTA (mashindano makubwa ya wanawake duniani), ambako zawadi ni ndogo na mchezaji anajigharamia usafiri kwa matumaini ya kuokota alama chache za kumpandisha kwenye orodha ya ubora.

Tenisi ina ukatili wake hapa, na mtu akitaka kujua kwa nini Waafrika ni wachache juu aangalie ngazi hii. Alama unazipata kwa kucheza mashindano mengi. Mashindano mengi yako Ulaya, Marekani na Asia. Nauli, hoteli na kocha ni vya kwako. Mtoto wa Barcelona anapanda treni kwenda mashindano na kurudi nyumbani kulala. Wa Bujumbura au Nairobi anahitaji viza na tiketi ya ndege kabla hajapiga mpira hata mmoja. Kwa hiyo nikiona jina la Okutoyi au Nahimana limesonga nafasi kumi juu, najua limebeba nini.

Ugumu wa kuwafuatilia ni kwamba mara nyingi unachopata ni matokeo tu yanayobadilika kwenye skrini: 15-0, 15-15, 30-15. Unasoma namba na kujijazia picha mwenyewe. Nimewafungulia kurasa zao kwenye daftari, Okutoyi na Nahimana, na kurasa hizo hazifungwi, nipate mtu au nisipate.

Agosti 3. Jina jipya

Usiku wa kuamkia leo, kwenye mashindano ya Montreal, Kanada, Coco Gauff amefungwa 6-1, 6-4. Gauff bingwa wa Roland Garros! Ni kweli sevu, mipira ya kuanzisha pointi, zilikuwa zinamsumbua, maana mechi yake na Danielle Collins kwenye mashindano hayahaya alikosea sevu zote mbili mara 23. Lakini aliyemfunga hakusubiri makosa. Anaitwa Victoria Mboko, ana miaka 18, Mkanada, ameingia kwa kadi ya mwaliko kwa sababu alama zake hazikutosha.

Mboko. Jina hilo nimelisoma nikasimamisha cherehani.

Agosti 4

Nimepekua. Wazazi wake walihama kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yeye alizaliwa Charlotte, Marekani, akakulia Kanada, kitinda mimba wa watoto wanne. Mwaka huu aliuanza akiwa nje ya 300 bora. Roland Garros alipita raundi za mchujo akafika raundi ya tatu. Wimbledon alishindwa kwenye mchujo, akaingizwa baada ya mwenzake kujitoa, na hata hivyo akashinda mechi moja. Kocha wake ni Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyecheza fainali ya Wimbledon 1998 na kuipoteza kwa Jana Novotna.

Mchana amekuja mteja wangu anayenunua vitenge Kalemie na kuvuka navyo. Nilikuwa narudia vipande vya mechi ya Gauff. Akainama kwenye simu, mkoba bado uko kichwani.

"Mama, huyu mutoto ni wa wapi?"

Nikamwambia Kanada, lakini wazazi ni wa kwenu. Nikamtajia jina. Akalirudia polepole, akavuta kigoda, akakaa. Vitenge vyake havikuzungumzwa tena kwa muda mrefu. Aliuliza kila kitu: kwa nini wanahesabu kumi na tano badala ya moja, mbona yule hakupigiwa makofi na mpira ulikuwa mzuri, nani anamlipa. Sheria za tenisi nimezieleza watu wengi pale bandani, lakini sijawahi kumwona mtu anazishika haraka namna ile. Alipoondoka aliniachia agizo: akicheza tena, nimpigie.

Agosti 8. Usiku wa Montreal

Sijalala, na mteja wa leo asubuhi amenisamehe.

Lazima nianze na nusu fainali, ya usiku wa kuamkia jana. Mpinzani alikuwa Rybakina. Ndiyo, Rybakina yuleyule aliyemnyima Jabeur Wimbledon. Seti ya kwanza ikaenda 6-1, na kwa sevu za Rybakina nilijua habari imeisha. Mboko akachukua ya pili 7-5. Seti ya tatu akaanguka vibaya, akaangukia kifundo cha mkono, akahudumiwa. Rybakina akafika pointi ya mechi. Mboko akaiokoa, akashinda kwa taibreki.

Fainali imeanza huku kwetu baada ya saa saba usiku. Naomi Osaka, bingwa wa Grand Slam mara nne, akachukua seti ya kwanza 6-2. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa makini, kwa sababu kupoteza seti ndiko kunakoonyesha mtu. Mboko hakuitazama benchi yake kwa uso wa kuomba msaada. Hakuivunja raketi. Alikwenda kona ya nyuma, akageuza mgongo kwa wavu, akanyoosha nyuzi za raketi kwa vidole, moja moja, huku midomo imefungwa. Kifundo kilikuwa kimefungwa bandeji. Akarudi kwenye mstari akasogea mbele nusu hatua kupokea sevu ya pili ya Osaka, na akaendelea kusogea mbele usiku kucha. Nusu hatua hiyo ndiyo iliyobadilisha mechi, maana mpira ulianza kumrudia Osaka kabla hajasimama vizuri, naye akaanza kukosea. 6-4. Halafu 6-1.

Uwanja mzima ulisimama. Kadi ya mwaliko imegeuka kombe. Njiani amewafunga mabingwa wanne wa Grand Slam: Sofia Kenin, Gauff, Rybakina, Osaka. Nilikuwa na simu mkononi, yule mama wa vitenge akiwa upande wa pili wa laini, tukipiga kelele usiku wa manane, na mume wangu ameamka kuuliza kuna nini.

Sasa neno la kweli kuhusu mradi. Mboko hana mkono wa Jabeur. Mpira wa kudondosha anaupiga mara chache, na si silaha yake. Silaha yake ni sevu, mkono wa mbele mzito na miguu. Kwa kipimo nilichojiwekea Julai hafai. Lakini usiku huu nimegundua kwamba nilikuwa naangalia kiganja cha Jabeur wakati kilichonishika ni kitu kingine: alikuwa akishapigwa seti, anafikiri. Unamwona anafikiri. Huyu binti naye unamwona.

Bado siandiki jina kwa wino. Ubingwa mmoja unampendeza kila mtu.

Agosti 10

Mboko amejitoa kwenye mashindano ya Cincinnati kwa sababu ya kifundo. Uamuzi mzuri kwa mtoto wa miaka 18.

Jambo jingine limenitoa machozi kabisa leo. Nilikuwa nanakili matokeo ya zamani kwenye daftari, nikafika fainali ya wasichana wawili wawili, Wimbledon 2022, ile ya Okutoyi na Nijkamp. Ukurasa wa Okutoyi nilikuwa nimeandika ushindi, sikuwa nimeandika waliofungwa. Ni Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. 3-6, 6-4, na taibreki ya mwisho 11-9.

Wikiendi ileile Jabeur alikuwa anapoteza fainali yake ya kwanza Wimbledon. Watu wangu wote watatu walikuwa kwenye nyasi zilezile, na mmoja wao, wa Nairobi, alimfunga mwingine kwa pointi mbili. Pointi mbili! Tangu hapo mmoja amekwenda 25 bora na mwingine bado anatafuta alama kwenye mashindano madogo. Sisemi kwamba tofauti yote ni pesa. Mboko ni mkubwa kwa kipaji chake na jasho lake. Lakini Kanada ina shirikisho linalolipa makocha, viwanja vya ndani kwa ajili ya baridi, na mashindano makubwa nyumbani yanayoweza kumpa binti wao kadi ya mwaliko. Kadi hiyo ndiyo mlango alioingilia Montreal. Afrika Mashariki yote haina mashindano ya ngazi hiyo ya kumpa Okutoyi mlango kama huo. Natamani mtu mwenye uwezo asome hapa.

Septemba 6. New York

Mboko ametolewa raundi ya kwanza US Open, 6-3, 6-2, na Barbora Krejcikova. Krejcikova ana Roland Garros na Wimbledon kabatini, hakuna aibu. Nilimpigia mama wa vitenge, akasema, "Haina tatizo, mama, atarudia." Niliumia tumbo raundi ya kwanza kabisa, kama nilivyotaka.

Nafasi iliyobaki kwenye daftari nimempa Félix Auger-Aliassime. Mkanada pia, baba yake ni Mtogo na ni kocha wa tenisi, na tangu 2020 amekuwa akichangia pesa kwa kila pointi anayoshinda kusaidia watoto wa Togo. Safari hii amewafunga Zverev, Rublev na de Minaur, akafika nusu fainali, akafungwa na Sinner jana. Ni mtu muungwana. Mdogo wangu amekubali kumchukua yeye awe wake, kwa hiyo nyumbani tumegawana. Pia nimemwona Alexandra Eala wa Ufilipino akigeuza mechi na Clara Tauson kutoka 1-5 kwenye seti ya tatu na kushinda. Ningekuwa Manila ningekuwa nimeshamaliza mradi.

Oktoba 12. Asia

Mashindano ya China yana saa nzuri kwetu. Saa tano asubuhi Beijing ni saa kumi na mbili asubuhi Kigoma, unaanza kazi na mechi pamoja. Matokeo ya Mboko si mazuri, anatolewa mapema. Wale walioandika Agosti kwamba amekwisha kuwa malkia wamenyamaza.

Mimi ninaendelea kufungua matokeo yake kabla ya ujumbe wa wateja. Nimeliona hilo wiki hii, na nadhani swali la mradi limejibiwa hapo, si Montreal.

Novemba 3. Nimeandika kwa wino

Hong Kong, jana: Mboko amemfunga Cristina Bucsa wa Hispania 7-5, 6-7, 6-2. Taji la pili la WTA mwaka huu. Seti ya pili ilipomponyoka kwenye taibreki nilijua nitazame nini, nikamtazama, naye akaenda kona ya nyuma, akarudi, akachukua ya tatu 6-2. Hakukuwa na Osaka wala Gauff, uwanja haukuwa na kelele za Montreal, na hakuna aliyenipigia simu. Ni mechi ya mwisho wa msimu ambayo mchezaji anaweza kuiacha iende. Hakuiacha.

Jina limeandikwa: Victoria Mboko, 20 bora duniani.

Novemba 23. Maandalizi

Msimu umekwisha, nabaki na ratiba. Januari Melbourne iko mbele yetu kwa saa nane. Mechi za mchana za kule zinaanza saa tisa usiku kwetu, za usiku zinaanza saa tano asubuhi, wakati banda liko wazi na sare za shule zimejaa mezani. Namwombea apangwe usiku. Akibaki na nafasi yake ataingia kama mmoja wa 32 waliotengwa kwenye ratiba, hivyo hatakutana na mwenzake wa kundi hilo kabla ya raundi ya tatu. Itakuwa mara yake ya kwanza kwenye droo kuu ya Australia.

Bando la mwezi nitanunua tarehe za mwanzo wa mashindano, si mwanzo wa mwezi. Mama wa vitenge amesema atavuka wiki hiyo, mzigo uwepo au usiwepo. Okutoyi na Nahimana nitawaangalia kila Jumatatu, orodha mpya ya WTA inapotoka.